Mnyanya Umenyauka na Udongo Umelowa: Kutambua Kosa la Maji Kwenye Udongo wa Mfinyanzi Wakati wa Joto

Kati ya Desemba na Machi, joto la mchana la Dar es Salaam linapofika nyuzi 32 au 33, minyanya mingi iliyopandwa nyuma ya nyumba huinamisha majani ifikapo saa saba au saa nane mchana. Mwenye bustani akiiona hali hiyo huchukua ndoo. Kwa anayelima kwenye kichanga, kama cha sehemu nyingi za Kigamboni, hatua hiyo mara nyingi huwa sahihi, kwa kuwa mchanga haukai na maji. Kwa anayelima kwenye udongo mzito wa mabondeni, kama ule unaopatikana kando ya Mto Msimbazi na vijito vyake, ndoo hiyohiyo inaweza kuwa ndiyo inayoumaliza mmea.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima anayelima mboga kwa miaka mingi, aliniita mwezi wa pili nikaangalie tuta lake la minyanya. "Mwanangu," aliniambia, "naimwagilia asubuhi, naimwagilia jioni, na bado inakufa kwa kiu." Juu ya tuta udongo ulikuwa umekauka, una rangi ya kijivu na nyufa nyembamba, na yeyote angesema kweli mimea ina kiu. Tulipochimba kwa panga kina cha kiganja kimoja tu, tulikuta tope linalonata, lenye harufu ya mayai viza, na mizizi iliyogeuka kahawia. Minyanya yake haikuwa na kiu hata kidogo. Ilikuwa imekosa hewa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya hali kama hiyo. Kila dalili iliyoelezwa hapa ina sababu zaidi ya moja, na sababu mbili zinazopingana, maji mengi na maji machache, huonyesha sura moja juu ya ardhi. Kwa hiyo kabla ya kusoma dalili yoyote, fanya kipimo kinachofuata, kwa maana bila kipimo hicho kila kitu kingine ni kubahatisha.

Kipimo cha kwanza: udongo wa chini, si wa juu

Chukua kijiti kikavu kisichopakwa rangi, chenye urefu wa sentimita 30 hivi, ukichomeke wima umbali wa kiganja kimoja kutoka kwenye shina hadi sentimita 15 au 20 ziwe zimezama, ukiache kwa dakika kumi, kisha ukichomoe. Kijiti kinachogoma kabisa kuingia kinakuambia kwamba chini ni pakavu. Kikitoka kimepakwa tope lenye kung'aa, maji yamezidi. Kikitoka na rangi iliyokolea kwa unyevu na chembe chache za udongo zimegandia, mmea una maji ya kutosha na hauhitaji chochote siku hiyo.

Usipoiamini lugha ya kijiti, chimba konzi moja ya udongo kutoka kina hichohicho uufinyange mkononi. Udongo unaotoa utepe laini na mrefu unapoubinya kati ya kidole gumba na kidole cha shahada bado una maji tele, na unaweza kukaa siku mbili au zaidi bila kumwagiliwa. Udongo unaofanya tonge, lakini tonge hilo likapasuka vipande ukilibonyeza, ndio uliofikia wakati wake wa kumwagiliwa. Udongo unaotoka kama vibonge vigumu visivyoshikana umechelewa kupewa maji.

Sababu ya kusisitiza kina ni kwamba mfinyanzi hudanganya pande zote mbili. Jua na upepo wa baharini hukausha sentimita mbili au tatu za juu kwa saa chache, ilhali chini maji yamekaa tangu juzi. Kinyume chake pia hutokea: mtu akirashia maji kila jioni kwa mpira, udongo wa juu huonekana mweusi na umelowa, ilhali mizizi iliyo chini imezungukwa na udongo mkavu kama tofali, kwa kuwa mfinyanzi uliokauka hunyonya maji polepole mno. Mfinyanzi mzito hupitisha milimita 1 hadi 5 tu za maji kwa saa, yaani lita 1 hadi 5 kwa kila mita ya mraba. Maji yanayomwagwa kwa kasi kuliko hapo hayaendi chini, bali hutiririka kwenda njiani au kwa jirani.

Dalili: majani hulegea mchana na kusimama tena jioni

Ikiwa mmea unalegea saa saba mchana na kufikia saa kumi na mbili jioni umejinyoosha wenyewe, na asubuhi unakutwa umesimama imara, hakuna tatizo la maji linalohitaji ndoo. Wakati wa jua kali majani hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hata kama udongo una maji ya kutosha. Mmea hulegea ili kupunguza uso unaopigwa na jua. Hiyo ni njia yake ya kujikinga, na kuumwagilia kila unapolegea ni kuujaza tope mizizini bila kuongeza kasi ya mizizi hiyo hata kidogo.

Jambo la kufanya ni kupunguza joto. Funika udongo kwa matandazo, na kama mimea inapigwa na jua la alasiri kutoka magharibi, simika makuti mawili au matatu upande huo ili yaipatie kivuli chepesi kuanzia saa saba hadi saa kumi. Miche iliyohamishwa kutoka kitaluni kwa muda usiozidi wiki mbili ni ya kuangaliwa kwa namna yake, kwa sababu mizizi yake bado ni mifupi na haifiki kwenye unyevu wa chini. Hiyo hupewa nusu lita kila siku, karibu na shina, mpaka itakapoanza kutoa majani mapya.

Dalili: mmea umelegea tangu asubuhi na udongo wa chini umelowa

Hii ndiyo dalili inayoua minyanya mingi zaidi kwenye mfinyanzi. Mizizi hupumua kama kiumbe kingine chochote, na inahitaji hewa iliyomo katika matundu ya udongo. Matundu ya mfinyanzi ni madogo sana. Yakijaa maji, hewa hutoka na haina njia ya kurudi mpaka maji yaondoke. Mnyanya ni miongoni mwa mazao yanayoumia haraka kwa hali hiyo, kiasi kwamba siku moja au mbili za maji kutuama mizizini zinatosha kuanzisha madhara. Mizizi isiyopata hewa hushindwa kunyonya maji, na hapo ndipo mmea unaponyauka kwa kukosa maji huku umesimama ndani ya maji.

Dalili zinazoambatana na hali hii ni hizi: majani ya chini hugeuka njano polepole, vikonyo vya majani hujikunja kuelekea chini ilhali jani lenyewe bado ni kijani, na sehemu ya shina iliyo karibu na ardhi huota vinundu vyeupe, ambavyo ni mizizi mipya inayotafuta hewa juu ya tope. Ukichimba, mizizi mizima huwa myeupe au ya rangi ya maziwa, na iliyooza huwa ya kahawia na ganda lake huvuka ukilivuta kwa vidole, ukabaki na uzi mwembamba. Udongo wa kijivu wenye madoa ya rangi ya kutu unaonyesha kwamba maji hutuama mahali hapo mara kwa mara.

Acha kumwagilia kabisa mpaka kijiti kikuonyeshe kwamba udongo wa sentimita 15 umeanza kukauka. Kwenye mfinyanzi mzito jambo hilo linaweza kuchukua siku nne au tano, na ni siku ngumu kwa mtu anayeuona mmea umelegea mbele yake, lakini kuvumilia ndiyo tiba yenyewe. Chimba mfereji mwembamba kando ya tuta, wenye kina cha sentimita 25 au 30 na mteremko wa kutoa maji nje. Ondoa matandazo kwa siku hizo ili udongo upumue. Usilime wala kukanyaga karibu na mashina, kwa sababu mfinyanzi ukikanyagwa ukiwa umelowa hushindiliwa na ukikauka hugeuka sakafu. Usikimbilie kuweka mbolea ya UREA kwa kuona majani yamekuwa njano. Mizizi iliyoumia haiwezi kuitumia, na chumvi ya mbolea itaiunguza zaidi. Subiri mpaka majani mapya ya juu yatoke yakiwa na afya, ndipo uweke mbolea ya CAN (yenye naitrojeni na kalsiamu) kwa kiasi kidogo, mbali kidogo na shina.

Ili kujua kama kosa ni la mkono wako au la eneo, chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 kwa upana, lijaze maji, yaache yaishe, kisha lijaze tena na uangalie saa. Kama maji ya mara ya pili yanapungua chini ya sentimita 2 hivi kwa saa, hapo mahali hapafai kupandwa minyanya kwenye ardhi iliyo sawa, hata mwenye bustani akiwa mwangalifu kiasi gani. Patahitaji matuta ya kuinuka, yenye urefu wa sentimita 20 hadi 30. Hapo naomba msomaji asichanganywe na ushauri wa matuta mbonyeo, yaani yaliyochimbwa chini ya usawa wa ardhi, au visahani virefu vya kushika maji. Ushauri huo ni mzuri kwa kichanga na kwa sehemu kame, lakini kwenye mfinyanzi wa Dar es Salaam, ambako mvua ya vuli au ya masika inaweza kumimina maji mengi kwa usiku mmoja, kisahani kirefu ni bwawa la kuozeshea mizizi.

Dalili: mmea umelegea tangu asubuhi, udongo umepasuka na kijiti hakiingii

Huu ndio ukavu wa kweli. Mfinyanzi ukikauka husinyaa, hupasuka, na nyufa zake hukata mizizi midogo. Mtu akimwaga ndoo nzima kwa mara moja, maji mengi hutumbukia kwenye nyufa na kupita chini ya mizizi, na yanayobaki juu hutiririka, ilhali vibonge vilivyo kati ya nyufa, ambamo mizizi imo, vinabaki vikavu.

Anza kwa kupalilia kwa wepesi, sentimita tatu au nne tu, ili kuziba nyufa kwa udongo uliolainika. Kisha toa maji kwa awamu. Awamu ya kwanza iwe ndogo, lita moja kwa kila shina, kwa kopo lenye matundu madogo ili maji yasipige udongo na kuufanyia gamba. Subiri nusu saa. Udongo wa juu uliolowa hufungua njia kwa maji yanayofuata, na awamu ya pili na ya tatu zitazama vizuri zaidi. Mmea ulionyauka kweli kwa ukavu unaweza kupewa maji hata saa saba mchana bila hofu. Madai kwamba tone la maji juu ya jani hukusanya jua na kulichoma hayastahili kumzuia mtu kuokoa mmea wake. Kinachoweza kuunguza kweli ni maji yaliyolala ndani ya mpira juani. Yaache yatiririke pembeni mpaka yapoe kabla ya kuuelekeza mpira kwenye shina, na fanya hivyo pia kwa maji yatokayo kwenye tanki jeusi lililoshinda juani.

Usijaribu kulipa deni la wiki nzima kwa siku moja, hasa kama mmea umebeba matunda, kwa sababu utakachookoa kwenye majani utakipoteza kwenye nyanya zitakazopasuka.

Dalili: mmea mmoja umenyauka ghafla, jirani zake wazima

Maji yakikosewa, kwa kawaida huathiri tuta zima au sehemu yake ya bondeni. Mmea mmoja unaponyauka ndani ya siku mbili au tatu ukiwa bado kijani kibichi, bila kugeuka njano, na hausimami usiku, shuku mnyauko wa bakteria. Kata kipande cha shina cha sentimita tano kutoka karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi yenye maji safi yaliyotulia, na uangalie kwa dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka kutoka mahali pa mkato, ni bakteria. Kama glasi imebaki safi, na majani ya chini yalianza kuwa njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, na shina likipasuliwa lina mistari ya kahawia ndani, huenda ni mnyauko wa fusari, unaosababishwa na kuvu wa ardhini.

Yote miwili haina dawa ya kumponya mmea ulioshikwa. Naweka jambo hili katika mwongozo wa maji kwa sababu mnyauko wa bakteria husafiri na maji yanayotiririka kutoka shina hadi shina, na hustawi kwenye udongo wenye joto na unyevu mwingi, kwa hiyo mwagiliaji anayezidisha maji ndiye anayeusambaza. Ng'oa mmea pamoja na udongo wa mizizi yake, uchome au uutupe mbali na bustani, usiuweke kwenye mboji. Safisha jembe na kisu. Usirudishe mahali hapo nyanya, biringanya, ngogwe, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa; panda mahindi.

Dalili: kitako cha tunda kimeoza na kuwa cheusi

Tunda likifikia karibu nusu ya ukubwa wake, upande wa chini usio na kikonyo hutokea doa la majimaji, ambalo baada ya siku chache huwa jeusi, kavu kama ngozi, na hubonyea ndani. Wakulima wengi hulichukulia kuwa ugonjwa na kununua dawa ya kuvu. Si ugonjwa wa kuambukiza, na dawa ya kuvu haitasaidia lolote. Ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na chanzo chake cha kawaida ni maji yasiyo na utaratibu.

Kalsiamu husafiri ndani ya mmea ikibebwa na maji yanayopanda kutoka mizizini, na maji hayo hufuata zaidi mahali yanakopotelea hewani, yaani kwenye majani. Tunda, ambalo halipotezi maji mengi, hupata sehemu ndogo, na kitako chake ambacho kiko mwisho wa njia hupata ndogo zaidi. Maji yakikatika kwa siku chache wakati tunda linakua kwa kasi, kitako ndicho kinachokosa kwanza. Mizizi iliyozama kwenye tope nayo hushindwa kupeleka kalsiamu, kwa hiyo dalili hii huweza kuletwa na ukavu, na mafuriko, na hasa kubadilishana kwa hayo mawili. Mbolea nyingi ya UREA huzidisha tatizo kwa kukuza majani yanayoshindana na tunda. Aina zenye tunda refu, kama Rio Grande, huathirika zaidi kuliko zenye tunda la duara.

Mfinyanzi kwa kawaida hauna uhaba wa kalsiamu, ndiyo maana kufukia maganda ya mayai hakutakuokoa msimu huu. Maganda huchukua muda mrefu kuoza, na hata yangeoza leo, bila maji ya utaratibu kalsiamu yake haitafika kwenye tunda. Chuma matunda yote yaliyoathirika, kwa kuwa hayaponi, punguza mbolea, na urudi kwenye ratiba ya maji isiyoyumba. Vishada vinavyofunga baada ya hapo kwa kawaida hutoka vizima.

Ndugu wa tatizo hilo ni kupasuka kwa matunda. Ngozi ya nyanya iliyokomaa wakati wa ukavu huwa ngumu. Maji mengi yakija ghafla, kwa ndoo au kwa mvua ya usiku mmoja, nyama ya ndani hupanuka kuliko ngozi inavyoweza kustahimili. Ukiona mawingu mazito na una matunda yaliyoanza kubadilika rangi, yachume siku hiyohiyo yaivie ndani ya nyumba, mahali penye kivuli.

Dalili: maua yanadondoka bila kufunga matunda

Hapa maji hulaumiwa bure. Ua la mnyanya hufunga vizuri usiku unapokuwa na ubaridi, na usiku unapokaa juu ya nyuzi 24 hivi chavua hudhoofika na ua hudondoka. Kuanzia Januari hadi Machi, usiku mwingi wa Dar es Salaam haushuki chini ya hapo. Kuongeza maji hakupoozi usiku, na udongo ukishajaa huongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Hakikisha tu kwamba udongo haujakauka, tikisa vishada vya maua kwa upole kati ya saa mbili na saa nne asubuhi ili chavua ianguke, na ukubali kwamba baadhi ya vishada vya miezi hiyo havitazaa. Anayetaka mavuno mengi apange kupanda ili minyanya itoe maua kati ya Juni na Agosti, usiku unaposhuka hadi karibu nyuzi 18 au 20.

Dalili: kingo za majani zimeungua na udongo una unga mweupe

Kingo za majani zinapokauka na kuwa kahawia huku juu ya udongo kukitanda unga au gamba jeupe, angalia chanzo cha maji kabla ya kuangalia kiasi chake. Visima vingi vya maeneo ya karibu na bahari vina maji ya chumvi, na mnyanya hauvumilii chumvi nyingi. Juu ya mfinyanzi madhara ni mara mbili, kwa sababu chumvi ya aina ya sodiamu huvunja muundo wa udongo, chembe zake hushikana, na njia chache za maji zilizokuwepo huziba. Mtu huona maji hayazami tena kama mwaka uliopita na hudhani udongo umechoka.

Maji ambayo ukichemshia chai unaisikia chumvi yake si ya kumwagilia minyanya peke yake. Yachanganye na maji ya bomba au ya mvua, na mara mojamoja, kwenye tuta lililoinuka lenye mfereji wa kutolea, mwagilia maji mengi yasiyo na chumvi ili yaisukume chini ya mizizi. Bila mfereji usifanye hivyo, maana utakuwa umerudi kwenye mizizi isiyopumua. Jasi ikichanganywa na udongo husaidia kuiondoa sodiamu, ingawa ni kazi ya msimu mzima. Na kwa kuwa tumetaja vyanzo: maji ya Mto Msimbazi wenyewe, unaopokea majitaka ya majumbani na ya viwandani, yasitumike kwa mboga inayoliwa mbichi, hata ukavu uwe mkali namna gani.

Majani yaliyojikunja yanahitaji neno moja tu. Yakijikunja ya chini, kingo zikielekea juu, na bado ni manene na kijani, ni joto au maji yasiyo na utaratibu, na mavuno hayaathiriki sana. Yakijikunja ya juu, yakawa madogo, yenye njano kingoni na mmea umedumaa, ni virusi vinavyoletwa na inzi weupe, na hakuna ratiba ya maji itakayovitibu.

Kiasi cha maji na namna ya kuyatoa

Katika miezi ya joto, tuta lililofunikwa na minyanya iliyokomaa hupoteza takribani lita 5 hadi 6 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, kila mmea una eneo la mita za mraba 0.3, yaani lita moja na nusu hadi karibu mbili kwa siku. Kwa kuwa mfinyanzi hutunza maji, mpe mmea lita 5 kila baada ya siku tatu badala ya kumgawia kidogo kila siku. Ndoo ya lita 20 itatosha mashina manne. Maji yanayozama kwa kina huita mizizi kwenda chini, ambako joto ni dogo, na siku zilizo katikati huipa mizizi hewa. Hesabu hii ni ya kuanzia. Kijiti ndicho chenye kauli ya mwisho, na kikisema udongo umelowa, siku ya tatu ipite bila maji.

Mwagilia kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, chini ya majani. Jioni inakubalika kwa anayerudi nyumbani saa kumi na moja, mradi majani yasilowe, kwa sababu hewa ya usiku ya pwani ina unyevu mwingi na jani lililolala na maji ni mwaliko kwa ukungu. Maji ya awamu mbili au tatu, kama ilivyoelezwa, ni bora kuliko ya mkupuo. Asiye na muda wa kusubiri achukue chupa za plastiki za lita moja na nusu, azikate kitako, azitoboe tundu dogo karibu na kizibo, azichomeke kichwachini kando ya kila shina na kuzijaza. Maji yatashuka polepole kwa kasi ambayo mfinyanzi unaiweza. Mwenye mipira ya matone achague yenye matundu yanayotoa lita 1 hadi 2 kwa saa, si zaidi.

Matandazo ya nyasi kavu, majani ya migomba au makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, yenye unene wa sentimita 5 hadi 8, hupunguza maji yanayopotea na huzuia gamba. Yaache mbali na shina kwa upana wa vidole vinne, na yakague kila wiki kwa sababu ya mchwa. Kuurekebisha udongo wenyewe ni kazi ya mboji na samadi iliyoiva, debe moja kwa kila mita ya mraba kabla ya kila msimu, pamoja na pumba za mpunga zilizooza. Kuchanganya mchanga kidogo na mfinyanzi kwa matumaini ya kuulainisha huleta kinyume chake: chembe za mfinyanzi hujaza nafasi kati ya punje za mchanga, na udongo ukikauka huwa mgumu kuliko ulivyokuwa.

Masika yakikaribia, weka kopo tupu lenye pande zilizonyooka katikati ya tuta. Kila milimita ya maji ndani ya kopo ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ukikuta milimita 20 asubuhi, minyanya yako imepata ya siku tatu. Fungua midomo ya mifereji, weka ndoo kando, na siku ya nne uchomeke kijiti.